Kamera Kwanza, Bibi Harusi Baadaye

Mvua na mimi hatuelewani. Kamera yangu ya kwanza ilikunywa maji kwenye mahafali ya watu, ikakohoa mara mbili mbele ya mkuu wa chuo, ikafa. Tangu hapo wingu likitanda tu, mimi nakuwa mkali kama pilipili. Na kwa kuwa ndugu zangu ndio wanaonisaidia kazini, nimewafundisha amri moja: tone likidondoka, kamera kwanza. Taulo, turubai, mwavuli, vyote kwa kamera. Mtu akilowa atajifuta. Kamera ikilowa, tunaizika.

Sasa siku hiyo haikuwa harusi ya mteja. Ilikuwa ya Shangazi.

Shangazi ndiye aliyenilea. Alikuwa anaolewa akikaribia sitini, na fundi saa wa mtaa wa pili, mzee mpole aliyemtengenezea saa moja ileile miaka na miaka, mpaka sote tukaanza kujiuliza hiyo saa ina ugonjwa gani. Nilikuwa na furaha ya kupasuka. Lakini kuna kitu kimoja nilikuwa nakitafuta kwa udi na uvumba. Shangazi huyu, anayecheka jikoni mpaka majirani wanauliza kuna nini, akiiona lenzi anakauka kama anayengoja sindano. Meno yake ya mbele yamepishana, na tangu usichanani aliambiwa ayafiche. Albamu nzima ya nyumbani, picha ya kwanza mpaka ya mwisho, kafumba mdomo. Nikaapa kwamba leo lazima nimpate akicheka, maana kama hakucheka siku ya harusi yake, atacheka lini tena?

Asubuhi mbingu ilikuwa imenuna. Nikakaa kitandani kwa Shangazi nikaivalisha kamera. Mfuko mgumu wa nailoni, nikautoboa tundu la lenzi, nikaukaza kwa mpira wa kufungia nywele. Ndani nikatia vile vijifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Juu yake nikaivika kofia ya kuogea ya Shangazi, ya maua ya zambarau.

Shangazi alikuwa anapakwa wanja. Akaniangalia kupitia kioo.

"Mwanangu, mbona huyo kapendeza kuliko mimi?"

"Huyo hana mwenzake, Shangazi. Wewe una fundi."

Akacheka, na kofia ilikuwa bado imeifunika lenzi. Nilitamani kujichapa.

Ndoa ilipofungwa, tukaenda bustanini nyuma ya ukumbi. Nikawasimamisha maharusi kwenye ua wa michongoma, shemeji yangu kamshikia Shangazi mwavuli mkubwa kwa tahadhari. "Cheka kidogo, Shangazi." Midomo ikabana. "Basi mwangalie mumeo." Akamwangalia kama anayemdai maelezo. Mjomba akatoa kichekesho chake cha siku zote, akakicheka mwenyewe. Nilikuwa naishiwa hila, na hapo hapo tone la kwanza likanitua puani.

"Mvua!" nikapiga ukelele.

Mazoea yana taabu. Dada yangu aliruka kiti akaja na taulo. Mjomba na binamu zangu wakatandaza turubai juu ya kichwa changu. Shemeji, mwavuli mkononi, alimwacha aliyekuwa naye akaja mbio kwangu. Wageni ambao hata hawakuijua amri, walipoona watu wanakimbia, nao wakakimbia, mmoja kabeba kitambaa cha meza. Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Siku hiyo maji yalishinda.

Tukabanana chini ya turubai kama njugu.

"Imelowa?"

"Haijalowa!"

"Na lenzi?"

"Kavu!"

Tukapongezana. Dada akaipangusa kofia ya maua kwa upole wa kumfuta mtoto pua. Kisha Mjomba akauliza, taratibu, "Jamani, bibi harusi yuko wapi?"

Tukageuka.

Alikuwa palepale tulipomwacha, katikati ya mvua ya kumwaga kwa ndoo. Gauni limemganda mwilini. Nywele zilizosukwa tangu alfajiri zinachuruzika. Kope moja ya kubandika imehamia shavuni. Na Fundi, maskini, amenyoosha mkono anamkinga na leso yake ya mfukoni, imekunjwa vizuri, imelowa tepetepe. Kidevu cha Shangazi kikaanza kutetemeka. Nikajua nimemliza shangazi yangu siku ya harusi yake.

"Mmeniacha," alisema. "Mmeniacha ninyeshewe, mkaenda kufunika kofia yangu ya kuogea!"

Akaangua kicheko. Si cha kuazima, kile chenyewe cha jikoni, kichwa nyuma, mdomo wazi, meno yote nje, mpaka akamwangukia mumewe begani, naye Fundi akashikwa na kwikwi kwa kucheka.

Nikainua kamera. Sikuona kitu! Pumzi za watu waliobanana zilikuwa zimeijaza lenzi ukungu. Sikufikiri. Nikaing'oa kofia, nikauchana mfuko, nikaifuta lenzi kwa upindo wa blauzi, nikaingia mvuani na kamera uchi.

"Kamera!" Dada akapiga yowe.

"Potelea mbali!"

Nikapiga. Nikapiga huku nacheka, maji yananiingia machoni, mpaka nikaogopa furaha itaniangusha.

Wote wawili wakaja chini ya turubai, nikamwonyesha Shangazi picha kwenye kioo kidogo cha kamera. Akakisogeza karibu, akayagusa meno yake pale kiooni kwa kidole kilicholowa.

"Ndiyo mimi huyu?"

"Ndiyo wewe."

Akaitazama tena, sana. Halafu akamshika Fundi mkono, akamvuta kurudi mvuani.

"Piga nyingine!" akaniita. "Na hiyo ya kwanza uikuze, uitundike sebuleni, mgeni akifungua mlango tu ayaone meno kabla hajaniona mimi."