Masereka Wawili

Patasi ilikuwa imemaliza MASEREKA yote na herufi tatu za NOBERT. Baker alikuwa anapuliza vumbi kutoka kwenye matumbo mawili ya B alipohisi mtu amesimama nyuma yake. Hakugeuka. Miaka thelathini ya kuchonga mawe ya makaburi ilimfundisha kwamba ajaye kutazama jina hapendi kusalimiwa kabla hajalitazama. Aliipima E kwa jicho, akainua nyundo.

"Hii jina ni ya nani?" sauti ya mwanamke iliuliza.

"Masereka Nobert, mama."

"Kusoma najua, fundi. Nauliza ni ya nani."

Nyundo ikabaki hewani kitambo, kisha ikashuka pole pole mpaka kwenye goti la Baker. Akageuka. Mwanamke alikuwa wa umri wa miaka hamsini hivi, buti za mpira zimejaa tope, jembe begani na majani mabichi yamenasa kwenye shingo ya jembe. Alikuwa halitazami jiwe tena. Alikuwa anamtazama yeye.

"Ni wa shule," Baker akasema, na papo hapo akaona kwamba hakujibu kitu.

Kila jina kwenye lile bamba jeusi lilikuwa la shule. Lililetwa Bwera kutoka Kampala kwa lori la kukodi, limelazwa juu ya magunia ya pumba za kahawa lisipate ufa, na sasa lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa bweni jipya, pale pale palipokuwa bweni lililoungua. Ilikuwa imepita miaka minne tangu watu wenye bunduki wavuke mto usiku, wapige risasi walioweza kuwapiga, wachome bweni, na warudi Congo na wale waliowaamuru kubeba mizigo. Jumamosi hii kamati ya wazazi ingefunua jiwe. Leo ilikuwa Jumatano. Baker alikuwa amekwisha kuchonga majina kumi na moja, hili la kumi na mbili.

"Mimi naitwa Alisi," mwanamke alisema. "Mutoto yangu ni Masereka Nobert. Na mutoto ya Phionah, yule wa chumvi, ni Masereka Nobert. Sasa hii moja ni ya nani?"

Baker akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati. Hakuwa mtu wa kujibu kwa kichwa pale ambapo karatasi ipo. Orodha aliyopewa ilikuwa na majina ishirini na nane, na la ishirini na mbili lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu. Chini ya wino lilisomeka bado: Masereka Nobert. Aliyekata alikuwa Byamukama, katibu wa kamati, mwalimu mstaafu aliyetoka upande wa Mbarara. Wiki iliyopita alikuja karakanani Kasese akasema jina limepigwa chapa mara mbili.

Byamukama hakuzaliwa huku. Lakini Baker alizaliwa Kasese, na mama yake alikuwa Mukonzo. Alijua tangu utoto kwamba kwa Wakonzo mtoto hupewa jina la zamu yake tumboni, na kwamba mvulana wa tatu wa kila nyumba ni Masereka, iwe nyumba ya tajiri au ya mkata. Angelipaswa kuuliza. Hakuuliza kwa sababu majina ishirini na saba yalikaa vizuri, safu tatu za majina tisa tisa, bila kipande cha jiwe kubaki tupu. Ishirini na nane yangeharibu mpangilio. Yeye alijifundisha herufi mwenyewe, kwa kunakili maandishi ya mabehewa ya reli pale stesheni ya Kasese, na mpangilio ulikuwa fahari yake yote.

"Mama, walisema jina limerudiwa," alisema kwa sauti ya chini.

"Nani alisema?"

"Katibu."

Alisi akacheka kidogo, kicheko kisicho na ubaya. "Nenda soko ya Bwera, uite Masereka. Nusu ya wanaume watageuka, na nusu nyingine watauliza ni Masereka gani unataka."

"Lakini na Nobert pia?"

"Padri Nobert ndiye alibatiza wote wawili, Jumapili moja. Alikuwa padri mzuri. Mwaka ule hapa Bwera ulizaa Nobert kama maharage."

Baker akampigia Byamukama, akaweka simu wasikie wote. Katibu alisikiliza, akakohoa, akasema ni bahati mbaya, akaomba radhi kwa mama, kisha akapata nafuu ya haraka. "Basi fundi, kazi ni rahisi. Rudisha lile nililokata. Weka mawili. Wageni wameshaalikwa."

"Hapana," Alisi akasema.

"Hapana nini, mama?"

"Yangu usiandike. Yangu hajafa."

Byamukama akasema, kwa upole wa mwalimu, kwamba orodha ilitoka wilayani na kwamba jina la mwanawe lilikuwamo.

"Lilikuwamo kwa sababu mutu alikuja na kitabu akauliza nani hajarudi nyumbani. Nilisema yangu hajarudi. Nilijibu alichouliza."

"Nitakupigia baadaye," Byamukama akamwambia Baker, na simu ikakatika.

Baker akaiweka patasi chini. Alizoea makosa yenye mahali: herufi imepinda, mwaka umekosewa, jiwe lina ufa. Kosa la namna hiyo ulilitia kidole ukajua pa kuanzia. Hili alilizunguka, hakuona mlango.

"Kama wako hajafa," alisema taratibu, "na hapa jina ni moja, basi hili ni la yule wa Phionah. Nimalizie tu. Sivyo?"

Alisi akashusha jembe begani. Akatoa simu yake na kupiga. "Phionah. Acha chumvi, kuja hapa kwa jiwe. Hapana, hakuna mutu amekufa. Kuja tu."

Phionah alifika akiwa bado na punje nyeupe kwenye mikono. Alikuwa mnene, mwepesi wa maneno, mtu wa kuuza chumvi ya Katwe pande zote mbili za mpaka, na Kiswahili chake kilikuwa kimeshavuka mpaka mara nyingi kuliko mwenyewe.

"Hajji wa Kasese," alimsalimu Baker, "wanasema uko unamaliza mawe yetu yote."

"Sijafika Makka bado, mama."

"Utafika. Watu ya Kasese benafika kila mahali." Kisha akaliona jina, na utani ukamtoka usoni. Akaenda akapitisha kidole ndani ya M, ndani ya A, akafika B akasimama. "Unaacha katikati?"

"Nimemsimamisha mimi," Alisi alisema. "Kuna jina moja, na sisi tuko wawili."

"Basi ni ya kwangu. Wa kwangu nilizika."

"Ulizika sanduku, Phionah."

Baker alitamani asiwepo. Lakini maneno yale hayakutamkwa kwa hasira, na Phionah hakuyapokea kwa hasira. Yalikuwa yameshasemwa kati yao mara nyingi, ilionekana, mpaka yakawa kama stuli ambayo kila mmoja alijua ilipo hata gizani.

"Nilizika sanduku," Phionah akakubali. Akamgeukia Baker, kwa kuwa yeye ndiye hakujua. "Afande alisema, mama, hakuna kufungua. Akasema, shika, peleka nyumbani, zika. Lilikuwa jepesi. Walichukua damu yangu na damu ya huyu, siku moja, kwa sindano, walinganishe na mifupa. Karatasi ilirudi inasema Masereka Nobert. Haikusema mama ni nani. Mimi nilikuwa mbele kwa mustari, wakanipa."

"Kama ningekuwa mbele mimi, wangenipa mimi," Alisi alisema.

"Wangekupa."

"Hamkurudi kuuliza?" Baker akasema.

"Tulirudi," Phionah alisema. "Walisema tuandike barua. Tuliandika. Kisha wakahamishwa wale tulioandikia."

Mwaka wa pili, wakaeleza wakipokezana, mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza alirudi kutoka msituni. Alisema alimwona Nobert amebeba gunia la unga, anachechemea lakini anatembea. Nobert gani? Masereka. Masereka gani? Hakujua. Alikuwa mgeni shuleni, hata mwezi alikuwa hajamaliza, na wote wawili walikuwa warefu.

"Kwa hiyo mmoja alikuwa hai mwaka ule," Baker akasema.

"Mmoja," Alisi alisema.

Baker akachukua penseli kutoka sikioni. Kulikuwa na njia. Aliwahi kuitumia Kasese kwa ndugu wawili Waislamu waliokuwa na jina moja: huongeza jina la baba. Alitazama nafasi iliyobaki kulia kwa mstari ule. Ingetosha.

"Mume wako anaitwa nani, Mama Phionah?"

"Ezironi."

"Basi nitamalizia Nobert, kisha niandike Ezironi, herufi ndogo kidogo. Kila mtu atajua ni wa nyumba gani. Na wa Alisi tunamwacha nje ya jiwe, kama anavyotaka, mpaka arudi au habari zake zirudi."

Alionea fahari wazo lile kwa muda wa pumzi mbili hivi.

"Ni vizuri," Phionah alisema. "Andika."

"Usiandike," Alisi alisema.

"Alisi wee. Umesema hutaki yako iandikwe. Fundi amesema haiandiki. Unataka nini tena?"

Alisi alitazama majani kwenye jembe lake. Akayabandua moja moja. "Mimi nimetoka wapi asubuhi hii?"

Phionah akalitazama lile jembe.

"Nimetoka kwenu," Alisi akasema, sasa akimwambia Baker. "Kaburi liko nyuma ya kahawa yao. Yeye analima upande wa kichwa, mimi nalima upande wa miguu. Miaka minne. Ezironi hajaniuliza hata siku moja natafuta nini shambani kwake. Ukiandika Ezironi kwenye jiwe, mbele ya askofu na mbele ya watu wote, basi kaburi ni ya Ezironi. Kesho nitaingia pale na jembe kama nani?"

"Kama Alisi," Phionah alisema.

"Nitaingia kama jirani. Sitaki awe amekufa. Na kama amekufa, sitaki awe hayuko popote. Najua ni mambo mawili, fundi. Usinitazame hivyo. Mimi mwenyewe nayasikia ni mawili."

Phionah akaketi kwenye gunia la pumba. Aliifuta mikono kwenye kitenge, ingawa chumvi ilikuwa imeshakauka. Baker alitegemea atabisha, maana jina la mumewe lilikuwa limebakiza inchi chache kuwa la kudumu. Lakini alipofungua mdomo sauti ilikuwa nyingine.

"Nilinyoa nywele," alisema. "Nilimaliza matanga. Nililipa ng'ombe ya watu tuliyochinja. Nilisema, Phionah, imekwisha, simama uuze chumvi. Sasa fundi akiandika Ezironi, nimesema mbele ya Mungu kwamba ni wangu aliyelala pale. Na kama ni wa Alisi? Yule wa gunia la unga ni nani, basi? Nitakuwa nimemfunga mutoto wangu kwa jiwe na yeye iko anatembea."

Wanawake wote wawili wakamtazama Baker, naye akaitazama penseli. Alianza kuhesabu, kwa kuwa kuhesabu kulimsaidia siku zote. Majina mawili: Alisi hataki. Jina moja lenye baba: hakuna anayetaka. Jina moja bila baba: ndilo lililopo, nalo ni uongo, kwa kuwa watoto walikuwa wawili. Bila jina kabisa: haiwezekani, herufi kumi na moja zimeshaingia kwenye jiwe, na jiwe halifutiki. Akarudia hesabu kuanzia mwisho, ikatoka vile vile.

Simu ikalia. Byamukama. "Fundi, nimeongea na mwenyekiti. Weka mawili, usimsikilize mtu. Orodha ni orodha."

"Mwalimu," Baker alisema, "nimesikia."

"Utaweka?"

"Nimesikia, mwalimu." Akakata. Hakuwahi kumkatia mtu aliyempa kazi.

"Anasemaje?" Phionah aliuliza.

"Anasema mawili."

"Na wewe unasemaje?"

Baker alitaka kusema kitu cha mtu mzima, akakosa. "Mimi sijui, mama. Nilidhani kazi yangu ni kuandika tu."

Jua lilikuwa limeegemea milima, na kivuli cha ukuta kilianza kulipanda bamba. Alisi alisimama, akampa Phionah mkono, akamvuta kutoka kwenye gunia kwa kelele na kuguna. "Umekuwa mzito kama chumvi yako."

"Ni chumvi inanipa kula. Wewe kahawa inakupa nini?"

"Niache." Kisha akamwambia Baker, "Sisi tutaongea. Na Ezironi awepo, na katekista wa kanisa, maana yeye alikuwepo siku ya ubatizo. Kesho tutakuja kukuambia."

"Mtaniambia nini?"

"Sasa ningejua si ningekuambia leo?"

Walishuka kilima pamoja, Alisi mbele na jembe, Phionah nyuma akilalamikia mteremko. Chini walipofika njia panda, mmoja kwao kushoto na mwingine kulia, Baker aliona wanasimama. Walisimama muda mrefu. Hakuweza kusikia. Kisha wote wawili wakashika ya kushoto, kwa Ezironi.

Ilibaki nusu saa ya mwanga. Angeweza kuanza jina la kumi na tatu, Bwambale fulani, lililochorwa tayari kwa penseli. Akainua patasi, akaiweka kwenye mguu wa kwanza wa B ya Bwambale, kisha akaiondoa. Kama kesho wangesema mawili, la pili lingekaa chini ya la kwanza, na majina yote ya chini yangesogea mstari mmoja. Kama wangesema moja, yangebaki. Hakuna herufi hata moja chini ya mstari ule aliyoweza kuigusa bila kuwa ameshaamua yeye.

Akapangusa patasi zake, akazifunga kwenye kitambaa kwa kufuata ukubwa, akalifunika bamba kwa turubai na kuweka mawe kwenye pembe nne. Alipofika njiani alikumbuka kwamba hakuwauliza watakuja saa ngapi. Akaamua atawahi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akae tu asubiri.