Tarpa ya Navshya na Barua kwa Shemeji

Navshya hakuwa na ng'ombe wa pili wa kulimia, hakuwa na mwavuli, hakuwa na mtoto aliyekubali kubaki nyumbani baada ya mavuno, wala hakujua kusoma. Subira hakuzaliwa nayo. Na mwaka huo, siku mbili kabla ya ngoma ya mpunga mpya, hakuwa na tarpa, zumari ya kuongozea ngoma.

Yaani ilikuwepo. Ilining'inia juu ya meko, ndefu kama mtu, kibuyu na mianzi yake vimekuwa vyeusi kwa moshi. Lakini sisi Wawarli hatupulizi tarpa wakati wa mvua, mpaka Kansari, mama wa nafaka, apewe mpunga mpya. Navshya akaongeza sharti lake mwenyewe: hata kutazamwa, haitazamwi. Wakati wa palizi nilimwambia, "Panda ngazi uiangalie tu. Macho hayapulizi." Akanijibu kwamba darasa la usiku, nilikojifunzia kusoma, limeniharibu.

Alipoishusha, baada ya Kansari kupewa mpunga wake, fukusi walikuwa wamekitoboa kibuyu kama chujio. Akapuliza, pumzi ikatokea kila mahali. Akaziba kwa nta, kibuyu kikapasuka. Kibuyu kipya kilikuwa bado kibichi nyuma ya nyumba, na vijana walishaulizia bei ya kukodi spika mjini.

"Wakionja spika mwaka mmoja," Navshya aliniambia, "mwakani hawataniita hata kuwasha moto."

Tarpa nyingine ya karibu ilikuwa ya Lahangya, kaka wa mkewe, ng'ambo ya mlima. Hawakuwa wakisemezana tangu siku Lahangya alipotoka katikati ya ngoma akaigeuzia mgongo tarpa ya Navshya, jambo ambalo mchezaji hafanyi hata akiumwa na nge. Kwenda mwenyewe kumwomba, Navshya alikataa katakata. Ndipo mkewe, Sukri, akaniita niandike barua.

"Andika," Navshya akasema. "Wewe Lahangya, mfuko wa upepo..."

"Unamwomba au unamtukana?"

"Namwomba. Lakini ajue anaombwa na nani."

"Atasomewa na binti yake, Navshya. Mtoto wa watu atamke hayo mbele ya baba yake?"

"Basi futa mfuko. Upepo uache."

Nikachana karatasi. Ya pili ilianza vizuri, ikaishia kwenye habari za mbuzi aliyekufa zamani. Nikachana hiyo nayo. Ya tatu alitaka nieleze kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Lahangya kuvuta pumzi kwa pua huku akipuliza.

"Msomi, mbona unachanachana?"

"Kwa sababu karatasi ni zangu! Sizichumi kwenye mti. Sema unachotaka."

"Aniazime tarpa yake. Aitume kwa mtu."

Sukri, aliyekuwa akipepeta mchele, akacheka mpaka makapi yakamrukia usoni. "Kaka yangu akuazime tarpa? Hata mkewe haruhusiwi kufagia chini yake. Mwite aje apulize mwenyewe."

"Apulize hapa? Mbele ya watu wangu?"

"Haya, puliza hicho chako chenye matundu. Labda fukusi watacheza."

Nilikuwa nimeshasimama niende zangu. Ndipo Jani, binti wa jirani, akachungulia mlangoni.

"Babu, shikamoo. Vijana wanaomba ngazi yako. Ya kufungia spika mtini."

"Ngazi haipo."

Jani akaitazama ngazi iliyoegemea ukutani. "Na hiyo?"

"Hiyo ina kazi! Nenda!"

Jani akaenda. Navshya akakikwaruza kwa ukucha kibuyu kilichopasuka. Sukri naye akaacha kupepeta.

"Andika," Navshya akasema hatimaye, polepole, kama mtu anayetoa mwiba. "Shemeji. Tarpa yangu imekufa. Njoo na yako keshokutwa, uongoze ngoma wewe. Mimi nitacheza pamoja na wengine."

Niliandika haraka.

"Na chini pale ongeza kidogo tu, kwamba pumzi yake ni fupi..."

"Sina nafasi."

"Karatasi yote hiyo nyeupe?"

"Sina nafasi, Navshya!"

Nikaikunja kabla hajafungua mdomo tena, nikaibandika kwa punje za wali wa moto alioniletea Sukri. Mgema alikuwa akipita na vibuyu vyake vya tembo, akielekea ng'ambo ya mlima. Sukri akamkimbilia, akamfungia barua kwenye ncha ya kilemba, akamsukuma mgongoni aongeze mwendo.