Zege la Siku Nne

Mafundi wenzake walimwita Pimamaji, kwa sababu hakuna ukuta aliouamini kabla ya kuuwekea kile kifaa chenye kipovu katikati. Hata kitanda chake alikipima. Asubuhi hiyo alikuwa amemzuia mwenye nyumba kupandisha matofali juu ya zege la siku nne. Alimweleza, bila haraka na bila huruma, kwamba zege hujifanya gumu juu huku ndani bado halijajiweza. Litafunikwa magunia, litamwagiliwa maji, na halitabebeshwa kitu mpaka siku ishirini na nane zitimie. Mwenye nyumba alisema ana haraka. Pimamaji akamjibu kuwa zege halina.

Kisha akanawa mikono, akampeleka binti yake kwa daktari kupigiwa muhuri.

Muhuri ulikuwa wa fomu ya mchujo wa kuruka mbali, Jumamosi, nafasi mbili tu. Binti alikuwa na miaka kumi na miwili, na nyumbani hadi shuleni aliitwa Panzi. Kocha wake alikuwa baba yake, na uwanja wake ngazi za jengo walimoishi: kila jioni kupanda kwa kurukaruka, miguu pamoja, mara kumi, halafu kushuka vivyo hivyo. Kwa miezi miwili alikuwa akilalamika maumivu chini ya goti la kulia, na hapo palikuwa pamechomoza kinundu. Mama yake alitaka apumzishwe. Pimamaji alifurahi. Alikunja suruali akaonyesha vinundu vyake viwili, alivyovipata enzi za kuruka shuleni, akatangaza kuwa hiyo ni alama ya ukoo. Kwamba yeye mwenyewe hapigi magoti kazini bila kukunja mfuko wa saruji mara nne chini yake, hilo hakuliona kuwa linahusiana.

Daktari alikuwa mama mwembamba asiyetapanya maneno. Alibonyeza kinundu kwa kidole kimoja. Panzi akavuta pumzi kwa meno. Aliambiwa achuchumae, akaishia katikati. Wakampiga picha ya eksirei ili kuhakikisha hakuna kilichovunjika, na ilipowekwa kwenye taa ya ukutani Pimamaji aliisogelea kuliko daktari. Chini ya goti mstari mweusi ulikata mfupa.

"Ufa huo," alisema. "Mimi na nyufa tunajuana miaka ishirini."

Daktari akamwambia si ufa. Ni gegedu, sehemu laini ambapo mfupa unakua, na gegedu halionekani kwenye picha. Kila mtoto anayekua ana mstari wa namna hiyo. Ila msuli mkubwa wa paja umeshikizwa kwa kano papo hapo, na kila Panzi anaporuka, kano hupavuta. Pamevutwa mno, pamevimba. Asiruke wala asikimbie mpaka maumivu yaishe, pengine miezi kadhaa. Abandike barafu, anyooshe misuli ya paja. Kutembea na kuogelea ruksa, mradi pasiume. Mifupa ikikomaa, mara nyingi tatizo huisha lenyewe. Kinundu huweza kubaki. Hapo aliyatupia jicho magoti ya Pimamaji, ambaye suruali alikuwa ameshaikunja kwa ajili ya ushahidi.

Pimamaji aliuliza kama mazoezi hayawezi kuukomaza huo mfupa haraka. Hapana. Akauliza kama Jumamosi peke yake haiwezi kusamehewa. Daktari akamrudishia fomu, haina muhuri.

Njiani alimwambia Panzi asijali, kuna daktari mwingine ambaye yeye Pimamaji aliwahi kumjengea uzio, mtu mwepesi wa kuelewa. Panzi alichechemea kando yake. Njia ya kwenda kwa huyo mwepesi ilipita kwenye ujenzi wa asubuhi, na matofali yalikuwa juu ya zege, toroli sita nzima.

Mwenye nyumba alijitetea kuwa mbona halijapasuka.

"Litapasuka leo ili iweje? Litapasuka ukishasahau," alisema Pimamaji. "Zege changa hulikomazi kwa kulibebesha, bwana. Unaliumiza polepole, halafu utaishi nalo."

Panzi alikuwa amekalia ndoo iliyofudikizwa, mguu ameunyoosha.

"Baba," alisema, "na mimi nina siku ngapi?"

Mwenye nyumba alidhani anaulizwa yeye, akaanza kuhesabu kwa vidole. Pimamaji alimwacha ahesabu. Alitoa fomu mfukoni, akaitazama, akairudisha, kisha akabeba tofali la kwanza na kulishusha.

Jumamosi Panzi alikwenda mchujoni kushika utepe wa kupimia. Mshindi aliruka umbali ambao Panzi huupita akiwa na usingizi. Pimamaji aliusoma utepe mwenyewe, mara mbili, akanyamaza. Mkewe alisema hajawahi kumwona akifanya kazi nzito kama hiyo.

Ukutani sebuleni alichora mistari ya penseli, mmoja kwa kila siku, na siku ya ishirini na nane alimrudisha binti yake kwa daktari, fomu nyingine mfukoni. Daktari akabonyeza. Panzi akavuta pumzi kwa meno, kidogo tu, lakini akavuta. Bado, alisema daktari. Pimamaji akadai kuwa kwa siku hizo hata zege lingekuwa limekomaa, na daktari akamjibu kuwa mfupa hausomi kalenda ya zege.

Pimamaji alilikubali hilo kwa shida. Kisha, kwa sauti ya fundi anayezungumza na fundi, akauliza kama walau inafaa kumwagilia maji.

Daktari akasema barafu inatosha.