Gauni la Kuvulika Upesi

Tangu mitumba ianze kumwagwa sokoni Masasi kwa marobota, kazi ya Bertila ilikuwa kupunguza viuno vya suruali za Wazungu na kugeuza kola zilizolika. Mtu aliyeleta kitambaa kipya ashonewe nguo tangu mwanzo alikuwa wa kuangaliwa mara mbili. Kwa hiyo siku Mwalimu Dina alipopanda baraza yake pale Mkomaindo, jora la kitambaa cha merikani kwapani, Bertila alimwangalia mara tatu.

"Shikamoo, Mama Cyril."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu, vuta kigoda."

Dina alikuwa mgeni, amehamishiwa huku kutoka Tabora, mcheshi na mwepesi wa kucheka. Ndiye aliyepewa kazi ya kutunga mchezo wa jubilei: jinsi misheni ya zamani ilivyochomwa wakati wa Majimaji na jinsi watu wake walivyonusurika. Alitaka gauni kama walilovaa wasichana wa misheni siku hizo, na kila mtu Mkomaindo alijua gauni la namna hiyo liko kwa nani.

Lilikuwa ndani, kwenye sanduku la bati, katikati ya majani ya mwarobaini. Bibi yake Bertila alilivaa akiwa msichana. Vita vilipofika alilivua, maana nguo ya misheni ilitosha kumfanya mtu auawe. Akajifunga kaniki kama wanakijiji wengine, akalitia gauni kwenye chungu na kulifukia shambani. Vita vilipokwisha akalifukua. Alimpa binti yake, naye akampa Bertila, na Bertila alimwahidi mama yake aliyekuwa anakata roho kwamba halitatoka mikononi mwa wanawake wa ukoo. Picha ya bibi hakuwa nayo. Msalaba wa kaburi ulikwisha kuliwa na mchwa. Alichobaki nacho ni gauni.

"Nataka lifanane nalo kabisa, hata kiraka cha kwapani," Dina alisema. "Halafu, Mama Cyril, lichakae."

"Lichakae?"

"Lisionekane la juzi. Lizeeke kama lile la bibi. Na liwe la kuvulika upesi, lisimsumbue mtoto."

Machale yakamcheza Bertila. Maisha yake yote watu walimletea nguo kuukuu wakitaka ziwe mpya. Leo mtu mwenye akili zake timamu, tena mwalimu, analeta kitambaa kipya anataka kiwe kuukuu!

"Na lile lenyewe?"

"Lile tutaliazima siku hiyo tu, tuliweke mezani watu walione. Bwana Walter amejitolea gari lake na kabati la kioo."

Aa, Walter! Basi hapo Bertila akaona mambo yote yamekaa wazi kama nguo kwenye kamba.

Walter alikuja na soko huria. Wenzake walinunua korosho. Yeye alizunguka uwanda mzima akinunua ndonya za midomo ya mabibi, vinyago na viti vya wazee, akivipeleka Dar es Salaam kwa watalii. Ilisemekana kwamba kule Newala aliazima kwa Mzee Majaliwa kinyago cha babu yake, eti akakipige picha, na kilichorudi kilikuwa kipya kilichopakwa moshi. Nani aliona? Hakuna. Nani alisema? Wote.

"Wanakupiga changa la macho, mwenzangu," alisema Pili, jirani yake muuza vitumbua, ambaye kisa cha kinyago alikisimulia kana kwamba yeye ndiye aliyekichonga. "Wewe mwenyewe ushone, wewe mwenyewe uibiwe. Utarudishiwa hilo jipya lililochakazwa, la bibi litakuwa Ulaya."

Kwa nini hakukataa? Padri alikwisha kutangaza kanisani kwamba gauni litaonyeshwa, na watu waligeuka kumtazama Bertila kwa namna ambayo hajawahi kutazamwa. Ukweli ni kwamba alitaka bibi yake aonekane. Alitaka sana, hata aliona aibu.

Akaenda shuleni kumpima Flora, msichana aliyechaguliwa kuigiza. Dina na Walter walikuwa nyuma ya darasa wananong'ona. Walipomwona walinyamaza wote wawili. Walter alianza kukagua matairi ya gari lake, na Dina akauliza habari za nyumbani, za watoto, za kuku, akiuliza tena zilizokwisha kujibiwa. Uwanjani watoto walikuwa wanafanya mazoezi. Dina akawapigia makofi waache.

"Mwisho hatuuonyeshi leo, Mama Cyril. Utauona siku yenyewe."

"Mwisho una nini?"

"Una mambo," alisema Dina, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Bertila alirudi nyumbani akitembea kama anayekimbia mvua. Kumbe hata hawajui kuficha! Akakata kitambaa siku hiyohiyo. Alishona kwa hasira na kwa ustadi, maana vitu hivyo viwili kwake vilikuwa ndugu. Alichemsha magome ya mkorosho na kulitumbukiza gauni mpaka weupe ukafa. Akalipiga juu ya jiwe, akalisugua kwa udongo mwekundu, akalianika, akalipiga tena. Bibi alikuwa ameshikiza kiraka cha kwapani kwa uzi wa bluu, mishono imelala upande kama ya mtu anayetumia mkono wa kushoto. Bertila akaipitisha vilevile, akiuchunga mkono wake wa kulia usije ukamsaliti.

Alipoyatandika magauni mawili kitandani, Pili alishindwa kuchagua. Alilishika la kulia, akalishika la kushoto, akacheka kwa woga.

Ndipo akili ikamjia Bertila. Macho ya wezi yatakuwa kwenye kabati la kioo. Gauni la mchezo nani atalitazama? Litavaliwa na mtoto, litavuliwa, na yeye atakuwa palepale nyuma ya pazia kulipokea. Basi la kabatini liwe lile jipya. La bibi avae Flora. Walter akitaka kubadilisha, abadilishe mpaka achoke. Atakachopeleka Ulaya ni magome ya mkorosho.

Siku ya jubilei watu walitoka Ndanda, Lukuledi, mpaka Newala. Bertila alimkabidhi Walter gauni jipya mbele ya mashahidi, uso mkavu kabisa. Nyuma ya pazia alimvisha Flora gauni la bibi, juu ya kaniki aliyokwisha kufungwa kifuani.

"Polepole mwanangu. Usiinue mikono sana. Ukimaliza, moja kwa moja kwangu."

"Sawa, mama," alisema Flora, akamtazama kana kwamba anataka kuongeza neno, kisha akaitwa.

Bertila akatoka kuchungulia kabati. Walter alikuwa amekaa kwenye kiti mbele yake, mikono kifuani, kama mlinzi wa ghala. Mzungu mmoja alikuwa anamwonyesha noti, naye anatikisa kichwa.

"Nimeshakwambia haliuzwi. Hili lina mwenyewe."

Pembeni yake alisimama Mzee Majaliwa wa Newala, aliyeletwa na gari hilohilo la Walter, wanataniana kama watu na mashemeji zao. Bertila alimwamkia, akashindwa kujizuia.

"Baba, na kile kinyago chako?"

Mzee akamvuta kando. "Nilimuuzia mimi mwenyewe, mama. Kingine nilikichongesha nikakipaka moshi, wanangu wasijue. Wangenila mbichi. Naomba usinitangaze."

 Bertila akageuka kurudi kwenye pazia, alibadilishe gauni sasa hivi, lakini ngoma zilikwisha kulia. Wapiganaji walikuwa uwanjani. Kibanda cha nyasi kilichosimama mfano wa misheni kilitiwa kiberiti, na moto ukapanda mara moja, umati wote ukasema "Ooo!"

Flora alitoka mbio mlangoni mwa uwanja, akasimama mbele ya moto. Alilivua gauni kwa mkupuo mmoja, kama alivyofundishwa. Akabaki na kaniki. Akalinyanyua juu, watu wote walione.

"Hapana!" Bertila alipiga yowe. "Flora, hapana! La bibi hilo!"

Watu waligeuka, wakaona mwanamke analia na kukimbia, wakadhani naye yumo mchezoni. Wakapiga makofi. Gauni likaruka, likafunguka angani mikono yote miwili, likaanguka katikati ya nyasi. Wanaume wawili wakamdaka Bertila. "Moto huo, mama!" Merikani ya zamani haikuchukua muda.

Dina alimkuta amekaa chini mavumbini. Alipiga magoti mbele yake, machozi yakimlengalenga.

"Nisamehe, Mama Cyril. Nilijua utaumia, ndiyo maana tulikuficha. Bibi alilifukia, najua, lakini kufukia hakuonekani kwa watu wa nyuma. Nikageuza, nikaweka moto. Kazi yako yote ile, tumeichoma. Bwana Walter alisema tukwambie mapema, mimi ndiye niliyeogopa."

Bertila aliugeukia moto.

"Lakini la bibi liko salama," alisema Dina.

Walter alikuwa anakuja, amelilaza gauni kwenye mikono yote miwili kama anayebeba mtoto mchanga, watu wakimpisha njia. Hakuwa amemruhusu hata mtu mmoja kuligusa. Akainama, akampa. Bertila akalipokea. Lilinuka magome ya mkorosho.

Padri akaomba kimya. Akasema mwenye gauni alinyanyue, asimulie kwa ufupi, watoto wasikie. Wakamsaidia kusimama. Kila uso ulimwelekea, ule wa Flora umejaa majivu, ule wa Pili mdomo wazi.

Kidole chake kilipapasa kwapani, kikaukuta uzi wa bluu.

"Hili," alisema Bertila, akalinyanyua, "ni gauni la bibi yangu."

Vigelegele vikalia uwanja mzima.