Nani Atamsemea Kinyozi

Kinyozi alimlea binti wa mkewe tangu hajaota meno ya mbele. Mkewe alipofariki, majirani walidhani msichana ataondoka. Hakuondoka. Alifanya kazi kwa dobi, mtaa wa pili, na jioni akipita kinyozini kufagia nywele na kumtania: "Baba, leo umenyoa au umepiga soga tu?"

Mteja mmoja, wakili, aliwahi kusema mbele ya binti, huku povu limemjaa kidevuni, "Mzee, andika hati ya uwakilishi. Mtaje binti akusemee na kukuamulia siku ukishindwa mwenyewe. Kisheria huyu si mwanao."

"Unanichimbia kaburi, na mimi ndiye niliyeshika wembe," kinyozi akajibu. Wakacheka wote watatu.

Kiharusi kilimkuta akianika taulo uani. Upande wa kulia ukafa, na ulimi nao. Akili ilibaki, binti aliiona machoni. Kule hospitalini alimlisha uji, akamnyoa ndevu, vibaya, na mzee akavumilia.

Daktari akauliza nani ataamua mgonjwa apelekwe wapi.

"Mimi. Arudi nyumbani."

"Wewe ni nani wake?"

"Mwanawe."

"Wa kumzaa?"

"Wa mkewe."

Hospitali ikamtafuta mtoto wake wa damu, wa kiume, aliyekosana na baba yake zamani na kuhamia mji wa mbali. Hakuwa mkatili, na hilo ndilo lililomuuma binti zaidi. Alimshukuru kwa upole, kama anavyoagwa mfanyakazi wa nyumbani, kisha akasema baba atakwenda kwenye makao ya wazee karibu naye.

"Kaka, muulize. Anakusikia."

"Atanijibuje, dada?"

Binti akakimbilia kwa wakili. "Aandike sasa. Nitamshika mkono."

Wakili akatikisa kichwa. "Hati hiyo huandikwa na mtu anayeweza kueleza anachotaka. Ukimshika mkono, umeandika wewe. Mahakama ipo, lakini itachukua muda, na kisheria mwanawe anakutangulia."

Siku ya safari mzee alimkamata binti mkono wa blauzi, hakuachia. Kaka akamfungua vidole kimoja kimoja, akiona haya. Sauti iliyomtoka mzee haikuwa neno.

"Anasema hataki," binti alisema.

"Huwezi kujua."

Gari likaondoka.

Mwanzoni alipopiga simu aliambiwa baba amelala. Baadaye simu haikupokewa. Alifunga safari hadi kwenye makao yale. Mlinzi akamuuliza undugu wao, akamrudisha getini.

Habari za kifo alizipata kwa kinyozi mpya aliyepanga pale dukani. Kinyozi huyo alidhani binti anajua. Mazishi yalikuwa yameshapita.

Binti alimshukuru, akarudi kazini. Pasi ilikuwa bado ya moto, na shati lililokuwa mezani lilikuwa la mteja aliyelitaka kabla ya jioni.