Sifuri wa Ishirini Hakusema Neno

Usiku wa kuamkia leo niliota oili za gari zimekaa jikoni kwa mama, huku Marangu, zinakunywa chai.

Hilo halikunishangaza. Kilichonikera ni kwamba moja ilikuwa imekalia kigoda changu.

Niseme kwanza nililala nimegombana na nani. Dada yangu Aikande alikuwa anaondoka asubuhi kwenda Singida kuanza kazi mpya, peke yake, na kigari chake cheupe. Mimi nilijitolea kumbadilishia oili kabla hajatoka. Akaniletea dumu dogo la oili ya sintetiki, 0W-20, nyepesi, ukiitikisa unasikia inacheka mle ndani. Nikamwambia haya ni maji. Mimi nina dumu la 10W-60, ile ninayoitia kwenye gari langu jekundu la mbio za kupanda mlima. Kitu kizito, kitu cha wanaume. Nitakugawia.

"Eliufoo, kitabu cha gari kimeandika sifuri, ishirini," alisema.

"Injini ni injini, dada. Kitabu kimeandikwa na watu wasiojua mlima."

"Na wewe umeandika kipi?"

Swali hilo lilinichoma, maana mimi huandika mashairi. Nilikwenda kulala nimeapa kwamba asubuhi, apende asipende, namimina ya kwangu.

Basi, jikoni. Oili ni tatu, kila moja na kikombe chake. Ya katikati inafuta midomo kwa kofia ya kizibo na kusimama kwa adabu.

"Karibu, mwenye nyumba. Mimi ni Tano wa Thelathini."

"Wa nini?"

"Wa Thelathini. Baba yangu ni Thelathini. Kwani wewe ukiona 5W-30 unasomaje?"

Nikaona aibu. Miaka yote hiyo nilikuwa naona herufi na namba, kumbe ni mtoto na baba yake.

"Yule aliyekalia kigoda ni Kumi wa Sitini," Tano aliendelea. "Na huyu mwembamba karibu na dirisha ni Sifuri wa Ishirini. Wewe ni Eliufoo wa nani?"

"Wa Ngowi."

"Ngowi ni nyuzi ngapi?"

Nilimwambia Ngowi si namba, ni mzee, na ukimpandisha joto atakutoa nje. Wote watatu wakaandika kichwani.

Kumi wa Sitini alikuwa na mabega kama mlango wa stoo. Alinikonyeza. Nilijua tuko pamoja. Sifuri alitazama dirishani tu. Ungedhani amekuja kusoma mita ya maji.

"Sisi hatukuchimbwa tu ardhini tukachujwa," Tano alisema. "Sisi ni sintetiki. Tumetungwa. Mtu alikaa maabara akatutunga, kipande kwa kipande, vyote vya urefu mmoja, bila cha ziada. Kwa hiyo tunakujia wewe, mtunzi mwenzetu, uwe mwamuzi. Leo tunalumbana kwa mashairi. Atakayeshinda ndiye atakayeingia kwenye gari la dada yako alfajiri. Hakuna kurudia."

"Na vina?"

"Vina hiari. Mizani ni lazima. Wakati wa baridi, kila mtu anatoa mizani za jina lake. Wakati wa joto, za jina la baba yake."

Nilikubali haraka. Mizani ndiyo nyumbani kwangu. Nikanyoosha mkono nichukue chai, na jiko likawa limeondoka.

Sasa tumo ndani ya injini ya Aikande. Ni asubuhi ya baridi, ile baridi ya mwezi wa saba inayoshuka toka juu kwenye theluji na kuingia kwenye mifupa bila hodi. Ukumbi ni wa chuma, safi, wenye vijia vyembamba vya kupanda juu. Huko juu zimekaa vali, zimejipanga kama akina mama wa kwaya, zinasugua mikono.

"Jamani, neno lije!" zinapiga kelele. "Tumekauka huku!"

Tano anaanza. Anasafisha koo.

"*Nimeshafika.*"

Mizani tano, sawasawa. Neno linapanda kwa mwendo wa mtu anayewahi kazini, linafika juu. Vali zinapiga makofi.

Anafuata Kumi. Anapanua kifua, sauti inatoka nzito, nzuri, yenye asali.

"*Fungueni lango, nimekuja!*"

Kumi kamili. Nilisimama kumshangilia. Lakini shairi lake lilikuwa nene kuliko kijia. Liliingia "fungueni", likaingia "lango", halafu likakwama pale pale, na "nimekuja" ikabaki nje ikisukumana na ukuta.

"Amekuja nani?" vali ziliuliza.

"Anakuja," nilijibu kwa hasira. "Vumilieni."

"Tunasagana, baba. Hatuna cha kuvumilia nacho."

Tano akamwita Sifuri wa Ishirini. Kijana akatembea hadi katikati. Akafungua mdomo. Akaufunga.

Ukumbi kimya.

"Mizani sifuri," Tano alitangaza. "Hakuzidisha, hakupunguza."

Niliruka. "Huo ni utapeli! Kunyamaza si shairi! Kama kunyamaza ni shairi, basi hata kigoda changu ni mshairi!"

"Lakini amefika," ilisema vali moja kwa sauti ya mtu aliyetoka kuoga.

Kweli. Nilipotazama katikati hakuwepo. Alikuwa juu, anazipaka moja moja mabegani, na hakuna aliyemwona akipanda. Vali zilikuwa zinang'aa na kuulizana habari za nyumbani.

"Sikiliza, kijana," Tano aliniambia polepole. "Kwenye baridi hatupimi nani ana maneno. Tunapima nani amewahi."

"Nataka raundi ya joto," nilisema.

Sikumaliza neno. Ukumbi ukapinduka, na sasa tuko ndani ya gari langu jekundu, mlimani, changarawe zinaruka. Najua ni langu kwa sababu ya harufu. Anatokea Tabo, ambaye kazi yake ni kuisukumia injini upepo. Hana mwili, ana uso tu, na uso umeiva kama kaa la moto, unazunguka huku unaongea.

"Mkimaliza niambieni mimi siwezi kusimama nikisimama naungua nikizunguka naungua semeni haraka!"

Sifuri wa Ishirini anaanza, safari hii kwa jina la baba yake. Nilikuwa sijawahi kumsikia. Sauti yake ni nyembamba lakini imenyooka.

"*Nipeni hewa, nipeni njia, moto ukizidi nawaaga.*"

Nikahesabu kwa vidole: ishirini. Na kwenye "nawaaga" akaaga kweli. Akawa mvuke, akatoka kwenye kona ya tatu. Tabo akalia kama birika.

"Kumi!" nilipiga kelele. "Ndugu yangu, mfunike!"

Kumi wa Sitini akavua kofia. Na jamani, mimi nimesikia watu wakighani, lakini hapa nywele zilinisimama.

"*Washeni tanuri, niongeze mbio,*
*Siogopi nari, kwangu si kilio,*
*Chuma nasitiri, mimi ni kingio,*
*Kona na hatari, ndizo kimbilio,*
*Bado sighairi, hadi malizio.*"

Mizani sitini, hakuna hata moja iliyotetereka. Alikuwa amemkumbatia Tabo, na Tabo amepoa, anazunguka macho yamefumbwa kama mtoto aliyeshiba. Gari langu lilipanda mlima kama limeitwa kula.

Nilikuwa nalia. Sioni haya kusema.

"Mshindi ni Kumi wa Sitini!" nilitangaza. "Aende Singida!"

Hakuna aliyepiga makofi. Kumi mwenyewe alinitazama kama mtu aliyepewa kiatu cha mtoto.

"Singida na nani?" aliuliza.

"Na dada yangu."

"Anakimbiza?"

"Aikande? Anaendesha kama amebeba mayai."

"Atanipa moto?"

"Hapana."

"Basi nitafanya nini mle? Vijia vyenyewe umeviona, nimekwama kwenye neno la pili. Mimi pasipo tanuri ni uji uliolala. Kila asubuhi vali za watu zitakuwa zinasagana zikinisubiri, na mimi niko chini navaa viatu. Usiniaibishe, kijana. Niache hapa kwenye jekundu."

Kunisaliti yeye, wa kwangu! Damu ilinipanda.

"Mimi ndiye mwamuzi," nilisema. "Nimesema Kumi, basi ni Kumi. Mshairi hafuti mstari."

Tano alihuzunika kidogo. "Mwamuzi akikataa kusikia," alisema, "anamwagwa."

Akainama na spana, akafungua nati iliyokuwa kwenye kisigino changu. Sikujua kama ninayo. Mashairi yangu yakaanza kutoka. Yalitoka meusi, ya moto, yakijaza beseni, na ndani yake niliona vina vilivyochubuka na vipande vidogo vya chuma. Nilijaribu kuyakanyaga yasitoke. Yalipita katikati ya vidole.

Nilipotaka kutukana, kifua kilitoa mlio mmoja tu: ngo, ngo, ngo.

"Karibu!" vali ziliitikia kutoka mahali fulani. "Nani anagonga?"

Ni mimi. Injini ilikuwa mimi. Nilielewa kwamba nikigonga hivyo mara chache zaidi, sitagonga tena. Nikamwona Aikande amesimama kando ya barabara ndefu iliyonyooka, boneti wazi, nyika pande zote, na mlio ule ule unatoka kwenye kigari chake. Hakulaumu. Alikuwa anapepea moshi na kitabu cha gari.

Hapo ndipo alipokuja Kijiti cha kupimia oili. Mrefu, mwembamba, pete ya njano kichwani, na mwilini ana alama mbili, ya chini na ya juu. Alivaa heshima zake zote.

"Shikamoo," nilijaribu. Ikatoka ngo.

"Marahaba." Akaingia kwenye sikio langu mpaka tumboni, akatoka, akajisoma.

"Huyu amejaa mpaka juu. Mshairi mkubwa sana."

Nilimpenda papo hapo.

"Hiyo haihesabiki," alisema. "Ni michirizi ya ukutani. Nifute, niingie tena."

Hapakuwa na kitambaa. Nilimfuta kwa fulana yangu, hapa kifuani. Akaingia tena, akatoka mkavu kama fimbo.

"Hakuna kitu mle."

Kumi alijitolea. Mungu ambariki, alijitolea. Lakini mimi nilikuwa nimepoa kama asubuhi ya Marangu, na alipofika kooni akakwama kwenye "lango". Nilianza kuona giza. Nikamtafuta Sifuri kwa macho, maana kwa mdomo sikuweza. Mvuke ulirudi kutoka kona ya tatu, ukakusanyika, ukawa kijana mwembamba. Alinitazama bila kinyongo.

Hakusema neno. Kufumba na kufumbua, vidole vyangu vya miguu vilikuwa vimepata habari zake.

Ngo ikaisha. Nikavuta pumzi.

"Hukumu?" aliuliza Tano, spana mkononi.

"Sifuri wa Ishirini aende na dada," nilisema. Ilitoka taratibu, lakini ilitoka. "Kumi abaki na Tabo. Na atakayesema kwamba nimefuta mstari, nitampiga."

"Umefuta mstari," alisema Kumi kwa furaha, na kunipiga begani.

Kijiti aliingia sikioni mara ya mwisho. Akatoka, akajisoma kwa muda mrefu, akanikaribia nimfute. Nikamfuta kwa fulana ile ile.

"Ndiyo?" niliuliza. "Mshairi mkubwa?"

"Wastani."

"Wastani?"

"Kati ya alama na alama. Wastani."

"Mzee, rudia kupima! Wastani mimi? Mimi Eliufoo wa Ngowi? *Wastani?*"

"Nani wastani?" aliuliza Aikande.

Nilikuwa nimeketi kitandani. Kumekucha. Dada alikuwa mlangoni, kanga mabegani, ufunguo wa gari mkononi.

"Unapiga kelele kama unauziwa ng'ombe mgonjwa. Amka unimiminie oili, naondoka. Na leo sitaki ubishi, Eliufoo. Kama hutaki ya kwangu, namwita mtu mwingine."

"Namimina ya kwako."

Naona alikuwa amejiandaa kwa vita, sasa hakujua silaha aziweke wapi. Akanisogelea kunitazama kama nina homa, na macho yake yakashuka.

"Na hicho kifuani ni nini?"

Nikatazama. Fulana niliyolala nayo, nyeupe, iliyofuliwa jana. Kifuani palikuwa na michirizi miwili ya oili, myembamba, imenyooka kama iliyopigwa rula. Mmoja mrefu na mweusi. Wa pili mfupi, wa rangi ya asali, bado mbichi.

Madumu yote mawili yalikuwa chini ya kitanda, mlango ukiwa na komeo. Niliyavuta. Vizibo havijaguswa.

"Nimepimwa," nilimwambia.

Aikande alichuchumaa akachungulia. Akagusa ule mfupi kwa kidole, akanusa, akapima kwa jicho unapoanzia na unapoishia.

"Sasa unalalamika nini?" alisema, akijipangusa kwenye kanga. "Kati ya alama na alama, hapo ndipo panapotakiwa."