Tulisema ni Gesi

Kwetu Krishnanagar tumbo lina ugonjwa mmoja tu, nao ni gesi. Kichwa kikiuma, gesi imepanda. Ukikosa usingizi, ni gesi. Baba yangu alikufa kwa moyo, na mpaka leo shangazi anashikilia kwamba ilikuwa gesi. Kwa hiyo mdogo wangu Debdut alipomleta mkewe nyumbani na kusema Sanchari hali nazi, hali uyoga wala mahindi, kwa sababu ana gesi, hakuna aliyeuliza swali la pili. Uongo ulikuja umeshapigwa pasi, tukauvaa.

Ukweli niliukuta bafuni, mimba yake ikiwa ya miezi mitatu. Nilisikia mtu analia kwa kujibana, nikasukuma mlango. Sanchari alikuwa amesimama, sari imelowa upande wa kulia, na harufu ilijieleza yenyewe. Pembeni ya kitovu chake palikuwa na kitundu chekundu kama ufizi, na chini yake mfuko wa plastiki ulikuwa umebanduka unaning'inia.

"Wifi, funga mlango," akasema. "Ukitaka kupiga kelele piga, lakini funga kwanza."

Nilifunga, nikashika beseni. Alinieleza huku nikimmwagia maji. Alikuwa mwanafunzi Kolkata vidonda vilipoanza kumla utumbo mpana. Akawa anakwenda chooni mara ishirini kwa siku, damu tupu, mpaka madaktari wakauondoa wote, wakautoa nje mwisho wa utumbo mwembamba hapo tumboni. Baada ya hapo alinenepa, akamaliza masomo, akapata mchumba. Debdut alijua yote kabla ya ndoa. Mama ndiye ambaye hakujua.

"Na asijue," Sanchari akasema. "Debdut ameniapisha. Anasema Mama akisikia nabeba choo tumboni, chumba cha miungu nitakiona kupitia dirishani."

Nilimjua Mama, au nilidhani namjua. Huoga mara mbili kabla ya kumgusa Gopal, sanamu ya mungu wake wa shaba, na paka akikanyaga kizingiti cha chumba kile anaosha sakafu upya. Mimi binti yake, niliporudi nyumbani baada ya mume kunichoka, alininunia miezi mitatu. Nikaapa na mimi.

Tangu siku hiyo nikawa fundi. Tumbo lilivyokua, kile kitundu kilivutika kikawa na umbo la yai, na Sanchari hakuweza tena kukiona. Mwanzoni nilimshikia kioo, baadaye nikaweka kioo chini nikashika mkasi. Kila wiki nilipima kwa kipande cha boksi la biskuti, nikakata tundu upya kwenye bamba la gundi la mfuko, nikabandika, kisha nikakandamiza kwa kiganja mpaka ishike. Nilimchanganyia maji ya chumvi na sukari, maana mwili wake ulikuwa unapoteza maji kuliko wetu. Siku moja mtoto akanipiga teke la kiganja.

"Anamsalimia shangazi yake," Sanchari akasema.

"Ananifukuza huyo. Mwambie namtengenezea mama yake choo, awe na adabu."

"Usinichekeshe wifi, itabanduka."

Mimi sina mtoto. Yule nilishamhesabu kuwa wangu kwa nusu, na nilikuwa na furaha ambayo nilimficha kila mtu.

Daktari wa Kolkata alikuwa ametuonya jambo moja kuliko yote. Mtoto akiwa mkubwa anaubana utumbo, na vyakula vya nyuzinyuzi vinaweza kuuziba. Mfuko ukikaa mtupu saa nyingi na tumbo likakaza, msingoje, njooni. Nilikuwepo aliposema. Niliitikia kwa kichwa kwamba nimeelewa.

Mimba ilipofika mwezi wa saba Mama akatangaza shaad ya Sanchari. Neno lenyewe maana yake ni hamu: siku hiyo mama mkwe humlisha mja mzito kwa mkono wake vitu ambavyo roho yake inatamani, na wanawake wa mtaa nao humlisha, kila mmoja tonge lake. Atakachokikataa, mtoto atazaliwa akikidondoshea udenda. Wanaume hawahudhurii, kwa hiyo Debdut alibaki kazini Kolkata.

Mama alimpigia simu shangazi yake Sanchari, akauliza huyu binti utotoni alipenda nini. Akaambiwa ua la mgomba lililopikwa kwa nazi, alivyokuwa akipika marehemu mama yake. Basi Mama akakaa chini siku mbili, anachambua maua yale moja moja, anang'oa kila kikonyo kigumu, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Nilikaa naye nikichambua.

"Mama, nazi si uache tu? Unajua ana gesi."

"Gesi ya siku moja haijaua mtu. Nitatia mbegu za joani, zinashusha gesi."

Nikaenda chumbani kwa Sanchari. "Nimwambie?"

"Umeapa, wifi." Alikuwa amekaa kitandani, mikono juu ya tumbo. "Nitatafuna sana. Mimi vijiko viwili navimudu." Akanisogezea nafasi kitandani. "Tangu mama afe hakuna mtu aliyewahi kuuliza napenda kula nini."

Ningefanyaje? Nilijua la kufanya, sikulifanya.

Saa sita mchana kombe la baharini likapulizwa, taa ikawashwa. Sanchari akakaa kwenye mkeka akiwa na sari mpya nyekundu, mbele yake vitu vitano vya kukaanga, kichwa cha samaki, wali wa maziwa, na bakuli la ua la mgomba. Mama akamlisha matonge matatu. Kila aliyemfuata alichota kutoka kwenye bakuli lile lile, kwa kuwa habari ilishaenea kwamba ndicho anachokipenda. Walikuwa wanawake saba. Kabla hajamaliza kutafuna la kwanza, la pili lilikuwa mdomoni, na wao wanacheka, "Kula mama, kula, unamnyima nani?" Mimi ndiye niliyeshika bakuli, nikipita nalo kwa kila mmoja. Sanchari alinitazama mara moja. Niliyasoma macho yake kuwa yanasema nyamaza. Siku hizi sina hakika.

Saa tisa alasiri tumbo lilianza kumkata. Mama akaleta maji ya joani, akaketi kando yake akimpapasa mgongo, anajilaumu kwamba amezidisha mafuta. "Itatoka tu, mwanangu. Gesi ikitoka utalala." Mama alipotoka nilifunua sari. Mfuko ulikuwa bapa, mtupu, na kile kitundu kimevimba.

Nikampigia Debdut. "Iliwahi kutokea," akasema. "Mpe maji ya moto, ajilaze ubavu. Ikiachia yenyewe hakuna haja ya kumshtua Mama."

"Daktari alisema tusingoje."

"Dada, nakuomba. Mpaka asubuhi tu."

Tukangoja. Asubuhi alikuwa anatapika maji ya kijani, na Mama mwenyewe ndiye aliyeita gari, akipiga kelele kwamba gesi gani hii. Njia nzima hadi Kolkata alimshika Sanchari kichwa mapajani.

Walimpasua adhuhuri hiyo. Utumbo ulikuwa umejisokota juu ya donge la nyuzinyuzi za ua la mgomba, na mtoto akawa amechoka, ikabidi atolewe. Alikuwa wa kike, uzito wake haukufika kilo moja na robo. Muuguzi akatokea kwenye korido, akauliza: "Nani humbadilishia mfuko nyumbani?"

Nikanyoosha mkono. Mama akaniangalia mimi, akamwangalia muuguzi.

"Mfuko gani?"

Muuguzi, bila kujua anachovunja, akamweleza yote, taratibu, kama anavyowaeleza watu kila siku. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akajifunika kichwa kwa upindo wa sari. Debdut alipofika akapiga magoti mbele yake. Mama akampita, akaenda kusimama kwenye kioo cha chumba cha watoto njiti.

Mtoto aliishi siku mbili. Alhamisi asubuhi walimleta amefungwa kitambaa cheupe, Mama akampokea. Mwanamke yule anayeosha sakafu kwa ajili ya paka alimshika maiti kifuani muda mrefu, mpaka Debdut akaja kumchukua. Ndani, Sanchari alikuwa macho, ameshaambiwa. Maziwa yalikuwa yameanza kumtoka, yanalowesha gauni la hospitali, na hakujifunika.

Tulibaki wawili kwenye benchi, mimi na Mama.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Mimba ya miezi mitatu."

"Na bakuli ulishika wewe."

"Nilishika mimi."

Nilingoja anipige, na ningeshukuru. Alikuwa anaviangalia vidole vyake. Utomvu wa ua la mgomba ulikuwa haujatoka kwenye kucha.

"Mlifikiri ningemfanya nini?" akauliza, si kwa hasira. "Ningemfukuza? Na mimba ya mwanangu? Ningemkataza chumba cha miungu. Basi. Ningenuna mwezi, labda miwili. Halafu sikukuu ya Puja ingefika, kazi zimenizidi, ningehitaji mtu wa kunikatia matunda ya sadaka, ningemwita." Akafuta pua kwa sari. "Chumba tu, Bhaswati. Mmenifichia kwa sababu ya chumba."

Mama akainuka kwa kushika ukuta, akaingia kwa Sanchari, na nikamsikia akimuuliza, kwa sauti ya chini kabisa, ni chakula gani anaruhusiwa kula.